Walikuwa na miungu tele, ila hawakuwa na neno ‘dini’

Mwanafunzi wa Kenya akiandika tarehe ya Kiingereza daftarini siku ya Alhamisi huwa ameandika jina la mungu bila kujua. Kwa Waingereza, Jumanne ni siku ya Tyr, Jumatano ni ya Odin, Alhamisi ni ya Thor na Ijumaa ni ya Frigg, mkewe Odin. Wao wenyewe zamani waliwatamka Tiw, Woden, Thunor na Frig, lakini ukoo wa miungu hiyo ni ule ule wa Waskandinavia, yaani watu wa Norway, Denmark, Uswidi na baadaye Iceland. Imepita karibu miaka elfu moja tangu ibada zao zikome, na bado sisi huku tunawataja kila tunapofungua kalenda.

Kinachochekesha ni kwamba Waiceland, ambao ndio waliotuhifadhia hadithi nyingi zaidi za miungu hao, hawawataji katika siku zao. Inasemekana aliyezifuta ni Jón Ögmundarson, askofu wa kwanza wa Hólar, aliyeshika kiti hicho kati ya 1106 na 1121. Aliona haifai Mkristo kuitaja siku ya Bwana wetu na siku ya Thor kwa pumzi moja, basi akaamuru siku zihesabiwe. Ndiyo maana Alhamisi kwao ni ‘fimmtudagur’, siku ya tano. Hebu msomaji litazame neno letu ‘Alhamisi’: nalo kwa asili yake ya Kiarabu ni ya tano vilevile, kuanzia Jumapili. Sisi Waswahili tumezidisha, tuna siku ya tano mbili mfululizo, Jumatano kwa hesabu ya kuanzia Jumamosi na Alhamisi kwa hesabu ya Waarabu, na hakuna anayelalamika.

Askofu Jón alikuwa anaijua lugha. Alijua kwamba imani isiyokuwa na kitabu hukaa katika majina, methali, viapo na mashairi, na ukitaka kuing’oa sharti uifuate humo. Nami leo nataka tuifuate humo humo, ila kwa nia nyingine: watu wale, katika nchi ya baridi, njaa ya mara kwa mara na bahari isiyo na huruma, waliona maisha yana maana gani?

Kwanza kuna tatizo la istilahi. Lugha yao ya kale haikuwa na neno la ‘dini’. Walipotaka kutofautisha walivyoishi wao na walivyoishi Wakristo, walitumia ‘siðr’, neno ambalo maana yake ni desturi, mwenendo, namna ya kufanya mambo. Ya kwao ikawa desturi ya kale, na Ukristo ukawa desturi mpya. Sisi neno ‘dini’ tumelipata kwa Waarabu, na pamoja nalo tukapata ‘mila’. Huko lilikotoka, ‘mila’ lilihusu imani na umma unaoishika. Lilipofika pwani likageuka kuwa desturi za wazee. Kwa hiyo tukimwambia Mskandinavia wa kale kwamba yeye hana dini bali ana mila, angeitikia kwa kichwa asione tusi lolote.

Hayati John Mbiti, mwanateolojia wetu aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kwamba lugha nyingi za Kiafrika hazina neno mahsusi la dini, kwa sababu dini haikutengwa na kulima, kuoa, kuzaa na kuzika. Sidai kwamba Odin na Mulungu ni ndugu. Nadai tu kwamba msomaji wa Kenya ana urahisi fulani wa kuwaelewa Waskandinavia ambao Mzungu wa leo, aliyelelewa kuamini kwamba dini ni orodha ya mambo ya kusadiki, hana.

Hawakuwa na mtume, msahafu wala kanuni ya imani. Tunayoyajua mengi yametoka kwa Wakristo, hasa Snorri Sturluson wa Iceland (1179–1241), tajiri, mwanasiasa na mwanahistoria ambaye mwishowe aliuawa nyumbani kwake Reykholt kwa fitina za mfalme wa Norway. Kitabu chake kiitwacho Edda, cha mnamo 1220, hakikuandikwa ili kuhubiri miungu ya kale. Kilikuwa kitabu cha kufundishia ushairi! Washairi wa kwao walisema kwa mafumbo: dhahabu iliitwa machozi ya Freyja au nywele za Sif, na ushairi wenyewe ukaitwa kinywaji cha Odin. Kijana asiyejua kwa nini Freyja alilia hawezi kulifumbua fumbo, na Snorri aliogopa kwamba vijana walikuwa wanapoteza ufunguo. Miungu waliokoka kwa sababu walihitajika darasani, katika somo la lugha. Sijui kama walimu wetu wa ushairi wanatambua wameshika dhamana kubwa kiasi gani.

Basi tuingie nyumbani kwa mtu wa kawaida. Filamu zimetuzoesha kumwona Mviking kama jitu la shoka linalotamani kufa vitani ili liende Valhalla, kwenye ukumbi wa Odin. Wengi wao walikuwa wakulima na wavuvi. Mkulima hana haja kubwa na Odin, mungu wa wafalme, wachawi na washairi, ambaye hata wafuasi wake walijua kwamba hutupa mkono rafiki. Mkulima alimtaka Thor, mwenye radi na nyundo, wa kumlinda dhidi ya majitu. Alimtaka pia Freyr wa mvua, jua na mazao. Tambiko lao, ‘blót’, mara nyingi lilikuwa karamu: mnyama huchinjwa, nyama huliwa, pembe za pombe huzungushwa, na dua inayotajwa mara kwa mara ni ya mavuno mema na amani. Mungu hupewa ili naye atoe. Mtu humpa jirani zawadi kwa sababu hiyo hiyo, na mgeni hukaribishwa motoni kwa sababu hiyo hiyo. Katika nchi ambayo kukosa makao usiku mmoja wa Januari ni kufa, ukarimu si adabu tu.

Wala hawakuwa wagumu kuhusu nani aombwe. Masimulizi ya wahamiaji wa kwanza wa Iceland yanamtaja Helgi aliyepewa jina la utani la Mwembamba. Huyu alimwamini Kristo, lakini akisafiri baharini au akikabiliwa na jambo zito alimwita Thor. Huko Trendgården, Denmark, kumepatikana kalibu ya jiwe ya karne ya 10 ambayo fundi aliitumia kumimina misalaba na nyundo za Thor pamoja. Mteja alichagua mwenyewe. Biashara ni biashara.

Juu ya miungu hata hivyo kulikuwa na kitu kingine. Snorri anawataja wanawake watatu wakaao penye kisima chini ya mti wa ulimwengu, Urðr, Verðandi na Skuld, ambao humpangia kila anayezaliwa urefu wa maisha yake. Majina mawili ya kwanza yametokana na kitenzi ‘verða’, yaani kuwa au kutokea. La tatu ni la ukoo wa neno la deni, na hata leo Mswidi akisema ‘skuld’ anazungumzia deni au hatia. Maisha ni deni, na siku ya kulipa imeshaandikwa.

Kiswahili kina neno la kuielewa fikra hii vizuri, ila tumelichakaza. ‘Ajali’ kwa sasa ni matatu kupinduka barabarani. Asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, ile siku ya kufa aliyokadiriwa mtu. Ukiisoma kwa maana hiyo, methali ‘ajali haina kinga’ inapata uzito mwingine kabisa, nayo haikuhusu mikanda ya usalama. Waskandinavia waliiamini ajali kwa maana hii ya zamani. Mbona basi hawakuketi tu na kungoja? Ni kwa sababu kilichopangwa ni siku, hakikupangwa kitendo. Ikiwa kukimbia vita hakukuongezei hata saa moja, basi woga hauna faida yoyote. Kilichobaki mikononi mwa mtu ni namna atakavyoonekana siku hiyo itakapomkuta.

Na baada ya hapo aende wapi? Hapa majibu yalikuwa mengi na hakuna aliyejaribu kuyapatanisha. Waliouawa vitani waligawanywa kati ya Odin na Freyja. Waliokufa kwa maradhi na uzee walishuka kwa Hel. Lakini jibu linalonivutia zaidi ni la ukoo mmoja wa magharibi mwa Iceland, ulioelezwa katika Eyrbyggja saga. Mzee wao, Thorolf Mostrarskegg, alihama Norway akiwa na nguzo za kiti chake cha heshima, moja ikiwa imechongwa sura ya Thor, akazitupa majini karibu na pwani ili Thor amchagulie mahali pa kukaa. Karibu na hapo palikuwa na kilima alichokiita Helgafell, kilima kitakatifu. Hakuna aliyeruhusiwa kukitazama bila kunawa uso, wala kuua chochote juu yake, awe mtu au mnyama. Ukoo uliamini kwamba wakifa wataingia humo. Mwanawe Thorstein alikuwa mvuvi. Jioni moja ya majira ya vuli mchungaji wake aliona kilima kimefunguka upande wa kaskazini, moto mkubwa unawaka ndani, vigelegele na pembe za pombe, na akasikia Thorstein anakaribishwa aketi mkabala na baba yake. Asubuhi habari ikaja kwamba Thorstein amezama baharini.

Hakuna hukumu humo. Hapaulizwi alitenda dhambi gani. Mtu amerudi kwa watu wake, na kilima chenyewe kinaonekana kutoka mlangoni kila siku mtu anapokwenda kukamua ng’ombe.

Kilichowatisha ni kusahauliwa au, vibaya zaidi, kukumbukwa kwa aibu. Shairi la mawaidha linaloitwa Hávamál, ambalo limejaa nasaha za mgeni na mwenyeji, ulevi na kiasi, linafikia kilele kwenye wazo hili: sifa ya mtu ndiyo isiyokufa. Mbiti angelifurahia. Kwake yeye, aliyekufa hukaa katika kipindi alichokiita Sasa maadamu yupo anayelitaja jina lake, na akikosa wa kumtaja anazama katika Zamani. (Ndiyo, mwanazuoni Mkamba aliyeandika kwa Kiingereza alilazimika kukopa maneno mawili ya Kiswahili ili aseme alichotaka.) Huko Rök, Uswidi, limesimama jiwe la karne ya 9 lenye takriban herufi 760 za kiruni, na kinachosomeka bila ubishi ni mwanzo wake tu: baba aitwaye Varin alilichonga kwa ajili ya Vämod, mwanawe aliyekufa. Yanayofuata bado yanawagonganisha wataalamu. Wamijikenda wanaosimamisha vigango vya wazee wa Gohu hawatahitaji kueleweshwa jiwe hilo ni la nini.

Lakini sifa inamfaa nini mzazi aliyezika? Swali hili lina jibu katika Egils saga, nami sijui ukurasa mwingine wa fasihi yao unaoupita huo.

Egil Skallagrímsson, shujaa na mshairi wa karne ya 10, mtu wa fujo na mauaji mengi, alimpoteza mwanawe Gunnar kwa maradhi. Kisha Böðvar, aliyempenda kuliko wote, akazama kwa dhoruba. Egil alimwokota ufuoni, akamzika katika kaburi la babu yake, akarudi nyumbani, akajifungia kitandani katika chumba cha mbao, asile, asinywe. Alitaka kufa. Mkewe akatuma mtu usiku kumwita binti yao Thorgerd. Binti alipofika akasema kwa sauti, ili baba asikie, kwamba hakula chajio na hatakula mpaka afike kwa Freyja. Egil akamfungulia. Wakalala kila mmoja kitanda chake, wakiingoja mauti.

Baada ya muda baba akasikia binti anatafuna kitu. Ni mwani, akasema, ili nife upesi. Akampa naye atafune. Mwani una chumvi, unaleta kiu. Thorgerd akaomba maji, pembe ikaletwa, na Egil akaivuta kwa nguvu. Ndipo binti akasema: tumedanganywa baba, haya ni maziwa. Egil akaing’ata pembe hadi kipande kikamegeka. Sasa kwa kuwa mpango umeharibika, binti akaendelea, afadhali tuishi kidogo, utunge shairi la kumlilia Böðvar, mimi nitalichonga kwenye ubao, halafu tukitaka tutakufa.

Egil akatunga Sonatorrek. Katika shairi hilo anatamani kuishtaki bahari na kupigana nayo, ila yeye ni mzee asiye na watu. Anamlaumu Odin kwa kuvunja urafiki. Hamsifu wala hasemi ‘bwana ametoa, bwana ametwaa’. Anakiri tu kwamba mungu huyu huyu mwizi ndiye aliyempa kipawa cha ushairi, na kwamba hilo ni fidia ya namna fulani. Fidia, neno la mahakamani! Kwa sheria zao mtu akiuliwa ukoo wake hulipwa, na hapa baba anakadiria kama malipo yanatosha. Alivyozidi kutunga ndivyo nguvu zilivyomrudia, na alipomaliza akatoka kitandani, akaketi kwenye kiti chake, akaandaa matanga kama ilivyo desturi. Desturi, siðr.

Naona dini nzima imo humo. Mungu hakumfariji. Alimpa kifaa, na binti yake akamlazimisha akitumie. Hata miungu wenyewe hawakuwa na uhakika wa chochote zaidi ya hapo, kwa maana ilijulikana kwamba siku ya Ragnarök Odin atamezwa na mbwamwitu Fenrir, na Thor ataliua joka la baharini kisha atapiga hatua tisa na kuanguka kwa sumu yake. Odin alilijua hilo naye bado akawa anakusanya wapiganaji. Dunia mpya itaota baadaye baharini, ikiwa na majani na miungu vijana, lakini haitakuwa yake.

Tusijisahau tukaipamba mno. Maana hii ilikuwa ya nani? Sifa inahitaji jina, na mtumwa jina lake lilitajwa na nani? Katika shairi moja Odin aliyejibadili umbo anamkejeli Thor kwamba yeye Odin huwapokea mabwana waliokufa vitani, naye Thor anabaki na watumwa. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta Warusi wa kale kwenye mto Volga mwaka 922, wafanyabiashara ambao wengi wao asili yao ni Skandinavia. Mmoja alimcheka kwamba Waarabu ni wajinga, wanamtia wampendaye ardhini aliwe na wadudu, ilhali wao humchoma na mara moja anaingia peponi. Mkuu wao alikuwa amekufa. Kijakazi mmoja alikuwa ‘amejitolea’ kwenda naye. Akanyweshwa kileo, akainuliwa juu ya kitu mfano wa mlango, akasema anawaona babake na mamake, kisha bwana wake katika bustani ya kijani. Wanaume wakapiga ngao ili mayowe yasisikike. Mwanamke mzee waliyemwita Malaika wa Mauti akamchoma kisu. Ibn Fadlan hakuliandika jina la msichana huyo, na huenda hakuna aliyemtajia. Kwake yeye maisha yalikuwa na maana waliyompangia wengine.

Mnamo mwaka 1000 bunge la Iceland lilikaribia kugawanyika kwa silaha kati ya Wakristo na wafuasi wa desturi ya kale. Pande zote zikamwachia uamuzi Thorgeir, msemaji wa sheria, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Akaenda kibandani kwake, akajifunika joho, akalala kimya mchana kutwa na usiku kucha. Alipotoka akaeleza kwamba nchi ikiwa na sheria mbili amani itavunjika, kwa hiyo wote wabatizwe. Akaacha mianya mitatu: kuwatupa watoto wachanga kuruhusiwe kama zamani, nyama ya farasi iliwe, na anayetaka kutambika atambike kwa siri pasipo mashahidi. Baada ya miaka michache mianya hiyo ikazibwa. Ari Thorgilsson, aliyetuandikia haya mapema katika karne ya 12, hasemi Thorgeir aliwaza nini chini ya joho lile.

Mashairi yao ya miungu yamesalia hasa katika kitabu kimoja kidogo cha ngozi cha karne ya 13. Kilipelekwa kwa mfalme wa Denmark mwaka 1662 kama zawadi, kikakaa Copenhagen zaidi ya miaka 300. Tarehe 21 Aprili 1971 kilirudi Reykjavík kwa meli ya kijeshi ya Denmark, na umati mkubwa ukafurika bandarini kukipokea. Kina karatasi 45. Nyingine 8 zilizokuwa katikati zilipotea kabla Wadenmark hawajakipata, na hazijaonekana hadi leo.